Kuna Mtu Ndani?

1

Siku ya arobaini baada ya kumzika baba yake, Sechelela Malogo alirudi Mtaa wa Zabibu akiwa na kijembe cha bustani na chupa sita tupu za maabara. Ilikuwa saa mbili asubuhi na Dodoma ilikwisha kuwaka. Majengo yote ya mtaa yalikuwa ya kijani: upande wa jua vioo vinene vilivyojaa maji ya mwani, upande wa kivuli mimea ya kutambaa iliyotoa umande na kupoza ukuta. Jengo la Tisa peke yake lilikuwa limekauka, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

Mama Ndahani, jirani wa baba yake wa ghorofa ya saba, alimkuta amepiga magoti chini ya ukuta.

"Unatafuta nini, mwanangu? Tume ya uchunguzi ilishachimba hapo."

"Tume ilichimba shubiri mbili, mama. Mimi nachimba mpaka nifike kiunoni."

Mama Ndahani akapindua ndoo, akaikalia. Mumewe alikuwa mmoja wa watu sita waliokufa humo mwezi Oktoba, siku moja na Mzee Malogo. Alikwisha kumsimulia Sechelela habari hiyo mara nyingi, lakini alisimulia tena: hewa ya baridi ilivyokatika, bomba zilivyokauka, milango yote ikajifunga kwa pamoja. Akasimulia alivyomsikia Mzee Malogo, dereva wa treni mstaafu, akigonga mlango wake kutoka ndani.

"Aligonga kwa mpangilio. Mbili, halafu moja. Mbili, halafu moja. Mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo nikawa nasikia ule mtambo wake wa kupumulia tu, unalia unataka umeme."

Sechelela alikishika kijembe kwa mikono miwili. Alichimba.

Chini ya kila jengo la mji huo kulikuwa na Utando. Ulikuwa kuvu hai, nyuzi zake zimesukwa pamoja na waya wa fedha mwembamba kuliko unywele, na ulitambaa toka mizizi hadi mizizi ukibeba umeme uliozalishwa na mwani wa kwenye kuta. Ulipanda ndani ya kuta, ukapita chini ya sakafu, ukajua wapi kuna joto na wapi kuna watu, ukagawa umeme kwa kadiri ya haja. Sechelela ndiye aliyeulea, tangu ulipokuwa unaenea kwenye sahani ya chai. Kabla ya kuufundisha jambo lingine lolote, aliufundisha hili: nyumba yenye mtu anayepumua haiondolewi umeme.

Ndiyo maana taarifa ya tume haikumwingia akilini. Tume iliandika kwamba siku ya joto kali Utando ulikosea wenyewe, ukalinyima Jengo la Tisa kwa siku mbili. *Kosa la kiumbe, si la mtu.* Hivyo ndivyo Mhandisi Anselm Mbogoni, mkurugenzi wa shirika lililouendesha Utando, alivyowaambia wafiwa pale makaburini, kofia mkononi.

Kijembe kikagonga kitu laini. Nyuzi zenye afya huwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Hizi zilikuwa za bluu, bluu ya wino wa shule.

"Ni nini hicho?" Mama Ndahani aliuliza.

"Dawa. Tunaiita Kimya. Inamwagwa kwenye mizizi ya jengo linalotaka kubomolewa. Inaziba pua ya Utando mahali hapo, unaamini jengo ni tupu, unaondoka."

"Lakini sisi tulikuwemo."

"Ndiyo, mama," Sechelela alisema huku akijaza chupa ya kwanza. "Mlikuwemo."

Kimya ilifungiwa kwenye kabati moja tu, na kabati hilo lilifunguliwa kwa kidole cha mmoja wa watu wawili tu. Mmoja ni yeye, na wiki ile ya Oktoba alikuwa Iringa akipandikiza ukuta wa hospitali. Wa pili alikuwa Mbogoni.

2

Alipeleka chupa zake kwa katibu wa tume. Katibu akamwambia kwamba tume imefunga kazi, na kwamba udongo uliochimbwa na mfiwa hauwezi kuwa ushahidi. Kabla ya kumaliza wiki, Mbogoni alimwita ofisini.

"Nimesikia umechimba," alisema kwa upole, akimsogezea kiti. "Pole, Sechelela. Huzuni inamfanya mtu aone vitu. Bluu ziko nyingi ardhini. Chukua likizo."

"Nitachukua, bosi, zamu yangu ikiisha."

"Na yule alikuwa mzee wa miaka sabini na nane. Tumshukuru Mungu kwa miaka aliyompa."

Sechelela alitoka akiwa ametulia kuliko alivyowahi kutulia tangu msiba. Hapo awali alikuwa akifikiria polisi, mahakama, magazeti. Sasa hakutaka Mbogoni afungwe. Alitaka agonge.

Miaka mitatu nyuma, fundi mmoja wa maabara alijimwagia Kimya mkononi. Kwa siku kumi na moja, kila alipokuwa peke yake, lifti haikumjia na taa hazikumwakia. Utando hauna macho. Ulimjua mtu kwa pumzi na jasho vikija pamoja. Pumzi bila jasho uliichukulia kama upepo. Dawa ilikuwa imeingia kwenye ngozi ya yule fundi na kuua harufu ya jasho lake. Walicheka sana wakati ule. Sechelela aliandika jambo hilo kwenye daftari, na hakumwonyesha mtu.

Siku ya Alhamisi shirika lilifanya chakula cha mchana cha kumuaga mhasibu aliyekuwa anastaafu. Meza zilipangwa uani, chini ya paa la mizabibu, kukawa na ugali, mlenda na kuku wa kuchoma. Sechelela alisimama penye beseni na birika mbili. Ya shaba aliwanawisha wote. Ya bluu aliiweka kando mpaka Mbogoni alipofika.

"Aa, leo mtaalamu wetu mwenyewe ananinawisha!" Mbogoni alicheka, akakunja mikono ya shati. Wenzake wakacheka pia. Walifurahi kuona wawili hao wamepatana.

"Karibu, bosi."

Akamimina taratibu. Mbogoni alisugua viganja, akapandisha maji mpaka kwenye viwiko, na kwa kuwa joto lilikuwa kali, akajipaka usoni na shingoni.

"Ongeza kidogo," alisema. "Maji mazuri haya."

Sechelela akaongeza mpaka birika ikaisha.

3

Lifti ilikuwa ya kwanza kumsahau. Mbogoni alisimama mbele yake akibonyeza na kubonyeza, mpaka karani mmoja alipofika na milango ikafunguka yenyewe. Mkurugenzi akatania kwamba hata lifti zinawapenda wasichana.

Jioni hiyo taa za ofisi yake zilizimika akiwa anaandika. Ijumaa bomba la chooni halikutoa maji. Mlango wa chumba cha mikutano ulifunguka kwa wote waliomtangulia, kisha ukajifunga mbele ya pua yake. Akaacha kutania. Alianza kutembea na dereva wake kila mahali, hata msalani, na watu wakaanza kunong'ona.

Sechelela alikuwa zamu wiki ile. Zamu maana yake ni kubeba kishikwambi cha Utando, kile ambacho kiumbe hukitumia kuuliza kinapopata shaka, kwa maneno machache kinayoyajua. Alimfuatilia Mbogoni kwa kutokuwepo kwake: palipokuwa na mlango uliogongwa na mtu asiyekuwepo, palipokuwa na kiti kilichopashwa joto na mtu asiyekuwepo. Kila alama ya namna hiyo ilimpa raha, na raha hiyo ilimtia haya kidogo, lakini hakuiacha.

Jumapili, saa tano asubuhi, simu yake ikaita.

"Sechelela." Sauti ya Mbogoni ilikuwa kavu. "Nyumba imenifungia. Dada wa kazi ametoka kwenda kanisani, na alipotoka tu, kila kitu kimezima. Dereva yuko Singida. Wewe unaujua Utando kuliko mtu yeyote. Njoo, tafadhali. Simu inakaribia kuzima."

"Nakuja, bosi."

Hakwenda mbio. Alivaa viatu, akafunga kamba vizuri, akachukua kofia.

4

Nyumba ya Mbogoni ilikuwa juu ya kilima, nyumba ya kwanza mjini kujengwa yote kwa kuta hai. Haikuwa na komeo la mkono hata moja. Siku ya uzinduzi mwenyewe alisema mbele ya wageni kwamba nyumba inayomjua mwenyewe haihitaji makomeo. Vioo vyake vya mwani vilikuwa na unene wa ngumi.

Sechelela alisimama hatua kumi na tano kutoka mlangoni. Nyumba hii ilitegwa ihisi wageni kutoka mbali; akisogea zaidi ya hapo, Utando ungemhisi na mlango ungefunguka.

"Mhandisi!"

"Sechelela! Ashukuriwe Mungu. Fungua. Humu ndani ni kama tanuri, vioo vinachemka, maji hakuna."

"Najua. Mwani ukikosa mzunguko unashika joto. Kufika saa saba humo ndani itakuwa kama Jengo la Tisa."

Mbogoni akagonga mlango, kofi moja zito.

"Ni wewe," alisema. "Umenifanyia nini?"

"Nilikunawisha."

Jua lilimchoma Sechelela mabegani, na alilipokea kama haki yake.

"Nataka kusikia habari za Oktoba," alisema. "Sitaki kusikia habari za kiumbe."

Mbogoni alikana. Alitishia kumfukuza, kumshitaki, kumtangaza. Alipochoka akaanza kubembeleza, na baada ya kubembeleza akaanza kusema. Siku ile Mnara wa Mikutano ulikuwa na wageni elfu mbili waliokuja kuutazama Utando wauige kwenye miji yao. Joto lilizidi makadirio, umeme ukapungua. Mnara ukaanza kufifia mbele ya wageni. Utando ulikataa kuchukua hata kidogo kutoka kwenye makazi, kwa sababu makazi yote yalikuwa na watu.

"Nilitaka saa mbili tu," alisema. "Nilihesabu, nikaona kwa saa mbili hakuna atakayedhurika. Sikujua kwamba hauwezi kurudi haraka. Naapa sikujua, Sechelela. Na sikujua kama baba yako anakaa pale."

"Ungejua, ungefanyaje?"

Mbogoni alipojibu hakuwa tena na nguvu ya kudanganya.

"Ningechukua Jengo la Kumi."

Sechelela alitazama chini ya kilima, upande wa mji. Alikuwa ameitafuta kweli hiyo kwa siku zote hizo, na ilipokuja ilikuwa na watu wengine ndani yake, familia za Jengo la Kumi ambazo hakuwahi hata kuzisalimia.

"Walipokuwa wanagonga," aliuliza, "Utando haukuhisi? Dawa inaua harufu tu, haiui mtikisiko. Lazima ulihisi milango inatikisika. Lazima ulipata shaka."

Nyuma ya mlango kitu kizito kiliteleza mpaka sakafuni.

"Nani alikuwa na kishikwambi siku ile?"

"Mimi."

"Utando ulikuuliza?"

"Uliuliza." Sauti yake ilitokea chini, penye upenyo wa mlango; alikuwa ameketi. "Uliuliza kama kuna mtu ndani. Nilijibu hapana. Ukauliza tena. Uliuliza mara nne, Sechelela. Kila baada ya robo saa. Baadaye nikafuta kumbukumbu za kishikwambi."

Ndege walikuwa wamenyamaza kwa joto. Sechelela alitazama saa: saa sita na dakika tano. Alikuwa amepanga hatua inayofuata tangu siku ya birika. Angegeuka, ateremke kilima, anywe chai kwa Mama Ndahani mpaka saa nane ipite. Dada wa kazi angerudi jioni. Hakuna ambaye angegundua. Joto halina alama za vidole.

Aligeuka. Alikuwa ameshapiga hatua nne alipoanza kusikia mlango ukigongwa, ngumi dhaifu kwenye mbao, na papo hapo kishikwambi kikatetemeka mfukoni.

*Nyumba ya kilimani. Mlango unatikisika. Hakuna harufu. Kuna mtu ndani?*

Chini yake palikuwa na maneno mawili ya kuchagua.

Aliyatazama mpaka macho yakamwuma. Kidole chake kilikuwa juu ya *Hapana*. Lilikuwa neno dogo tu, na ni lilelile alilotumia Mbogoni. Lakini Sechelela alijua jambo ambalo Mbogoni hakulijali. Utando hausahau jibu. Mara nne mwezi Oktoba ulikuwa umefundishwa kwamba mlango unaotikisika bila harufu hauna mtu, na bado leo ulikuwa umeuliza, maana yake ulikuwa haujaamini sawasawa. Ukijibiwa hivyo tena, na yeye aliyeulea, ungeamini. Siku nyingine, kwenye nyumba nyingine, mtoto mwenye homa kavu, mgonjwa asiyetoa jasho, bibi aliyejifunika blanketi, wangegonga na Utando usingemwuliza mtu yeyote.

"Sechelela!" Mbogoni aliita. "Bado upo?"

Hakumjibu yeye, na hakukijibu kishikwambi. Alirudi akaketi kwenye jiwe juani, hatua kumi na tano kutoka mlangoni, akakiweka mapajani. Swali likiachwa hujirudia baada ya robo saa. Saa sita na dakika ishirini likajirudia. Mbogoni alikuwa akiomba maji. Likajirudia tena, na sasa hakuwa akiomba kitu. Alikuwa akitaja majina ya waliokufa, wote sita, kwa mpangilio wa ghorofa zao. Sechelela alishangaa kwamba anayajua. Alilia bila kufuta machozi. Bado alitaka aendelee kuwemo.

Mara ya nne alibonyeza *Ndiyo*.

Mlango ukafunguka kwa mkupuo. Mbogoni alitoka kwa mikono na magoti, shati limemganda, midomo imepasuka. Sechelela alimwekea chupa ya maji kwenye mchanga, mbali kidogo ili aifuate.

"Kesho saa tatu," alimwambia, "utakwenda mbele ya Jaji Kiponza kwenye baraza la mji ukaseme ulichokisema hapa. Kimya ikishaingia mwilini kwa wingi kama ilivyoingia kwako haitoki kabla ya miezi mitatu. Hakuna mlango wa mji huu utakaokufungukia peke yako. Mimi nitakuja kukufungulia."

5

Wafiwa wote walijaa barazani. Mbogoni alisimama na kusema, na hakupunguza. Alipofika kwenye maswali manne, mwanamume mmoja wa ghorofa ya tano aliyefiwa na mkewe alitoka nje akatapika.

Sechelela naye aliomba kusema. Alieleza habari za birika, za kilima, za dakika arobaini na tano. Watu wakageuka kumtazama, wengine kwa namna ambayo hakuitegemea. Jaji Kiponza, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimwacha amalize.

"Mtaalamu, unaelewa kwamba umekiri kosa?"

"Naelewa, Mheshimiwa."

"Ulimfungulia kwa kuwa ulimhurumia?"

"Hapana."

"Umemsamehe?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niliulizwa kama kuna mtu ndani. Mtu alikuwemo."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Mbogoni aliamriwa kuwekwa rumande mpaka kesi ya mauaji isikilizwe. Sechelela alinyang'anywa kishikwambi hapohapo, na kibali chake cha kuugusa Utando kikazuiwa mpaka kesi yake nayo itakapokwisha. Alikikabidhi kwa mikono miwili. Miaka kumi na moja alikuwa ameulea Utando. Jaji aliagiza pia kwamba tangu siku hiyo hakuna swali la Utando litakalojibiwa na mtu mmoja, na kwamba kila mlango wa mji urudishiwe komeo la mkono. Mafundi walianza na Mtaa wa Zabibu wiki hiyohiyo.

Baraza lilipovunjika askari alimwelekeza Mbogoni mlangoni. Askari mwenyewe alikuwa bado anatia sahihi mezani, na Mbogoni akawa wa kwanza kufika. Mlango haukusogea. Alisimama mbele yake, kichwa chini, akisubiri mtu yeyote aje.

Aliyekuja ni Mama Ndahani, na mkoba wake kwapani. Mlango ukamfungukia. Mbogoni akainua mguu apite nyuma yake.

"Subiri," Mama Ndahani alisema bila kugeuka. "Wafiwa kwanza."

Askari akamshika Mbogoni bega, akamrudisha ukutani. Wakapita mmoja mmoja, bila haraka, na mlango ukabaki wazi kwa ajili yao. Sechelela alikuwa wa mwisho. Alipita karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, hakumtazama, akatoka juani. Nyuma yake mlango ukajifunga.